Mlango wa Mkuu na Wivu Niliouita Ghera

Sifa zote anastahiki Mola aliyenifikisha umri wa kutembea na bakora, na juu ya hapo akaniachia akili ya kuyakumbuka makosa yangu. Wapo wazee wenzangu waliosahau yao, nami siwaonei gere. Mtu akilikumbuka kosa lake, bado ana nafasi ya kuomba toba. Rehema na amani zimshukie Mtume wake. Sasa sogea, mwanangu, nikusimulie jambo ambalo watoto wangu wa kuwazaa niliwaambia nusu tu.

Nakumbuka siku moja, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, nimesimama masjala na faili mkononi, wala silisomi. Masjala ndicho chumba cha kutunzia mafaili, na kazi yangu katika idara ile ya serikali ilikuwa kuyatoa, kuyarudisha na kuyapeleka kwa wakubwa. Ng'ambo ya ukumbi palikuwa na ofisi ya mkuu wa sehemu yetu. Mlango wake ulikuwa na kioo kizito, kile kinachokuonyesha kivuli tu. Ulikuwa umefungwa, na ndani alikuwamo Zuhura.

Zuhura alikuwa mpiga chapa, binti wa mtaa wa Ziwani kama mimi, nyumba zetu zikitenganishwa na kamba za kuanikia nguo. Baba yake alishatangulia mbele ya haki, mama yake alikuwa mgonjwa wa miguu, na wadogo zake watatu walisomeshwa kwa mshahara wake. Wazee wangu walikuwa wamepeleka posa, ikakubaliwa. Sharti lake lilikuwa moja. "Kwanza nithibitishwe kazini," aliniambia, "ndipo tuzungumze habari ya pilau." Alikuwa bado katika mwaka wa majaribio, na mwisho wa mwaka huo mkuu ndiye angeandika ripoti ya kumthibitisha au kumwachisha. Karatasi moja, mkono mmoja. Hilo ulishike vizuri, mwanangu, maana mkuu naye alilishika vizuri.

Alikuwa akimwita aje na daftari amsomee barua za kuandika. Wapiga chapa walikuwa wanne, lakini aliyeitwa alikuwa huyo huyo. Mlango ukifungwa, mimi natazama saa ya ukutani. Dakika kumi. Dakika ishirini na tano. Barua gani hiyo ya dakika ishirini na tano? Nilikuwa nasikia moto unapanda kutoka tumboni hadi masikioni. Nikiona kivuli kinasogea nyuma ya kioo, nashindwa kujua ni chake au cha mkuu, au vimekuwa viwili karibu mno. Siku moja nilisikia kicheko chake humo ndani, na kile kicheko kiliniuma wiki nzima. Usiku nilikigeuza kila upande, kama mtu anayechunguza noti ya bandia.

Wenzangu hawakunisaidia. Mutiso, tuliyekuwa tukifanya kazi meza moja, aliniita Sheikh kwa ajili ya kofia yangu. "Sheikh," alinitania mbele ya watu, "hiyo posa mlipeleka Ziwani ama mliiacha hapo kwa mkuu?" Wote wakacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, ili nisionekane nimeumia.

Jioni tulikuwa tukirudi nyumbani kwa miguu na watu wengine wa mitaa yetu, Zuhura upande wake wa njia na mimi upande wangu, kwa adabu. Siku moja, tulipozifikia nyumba za reli za Muthurwa, akapunguza mwendo hadi wengine wakatangulia.

"Salim," alisema, "leo amenishika kiuno. Nilikuwa naandika, akaja akasimama nyuma yangu."

Nilisimama. "Na wewe ukafanya nini?"

"Nikautoa mkono wake."

"Hapo hapo, au baada ya muda?"

Alinitazama kana kwamba hanijui. Sikukoma.

"Mbona hukupiga kelele? Na wiki ile nilisikia unacheka humo ndani. Ulikuwa unacheka nini?"

"Nilicheka kwa sababu alifanya mzaha, na ripoti yangu iko mkononi mwake. Wewe ungefanyaje? Ungenuna?"

"Mimi nisingekaa ndani na mlango umefungwa."

"Wewe hujawahi kufungiwa mlango," alisema. Kisha akavuta buibui yake, akaongeza mwendo. "Nilikuwa natafuta mtu wa kunisikiliza, Salim. Nimepata hakimu."

Kutoka hapo hadi Gikomba hadi kwao alitembea na wale waliotangulia. Nawe usidhani nilijuta. Nilizidi kuchukia. Nilimchukia mkuu, ndiyo, lakini ukinibana leo nitakwambia kweli: kilichoniuma zaidi ni kwamba mkono wa mtu mwingine ulifika mahali ambapo wangu ulikuwa unangoja halali yake. Yeye aliyeshikwa, hofu yake, karaha yake, mama yake mgonjwa, sikuviwaza hata chembe. Nilijiwaza mimi. Na kwa kuwa nilikuwa nimesoma chuo cha Kurani, nilijua neno zuri la kuufunika ubaya huo. Nilisema nina ghera. Ghera ni mtu kuilinda heshima ya watu wake kwa ajili ya Mungu. Nilichokuwa nacho mimi ni wivu mtupu, nikauvika kanzu, nikaupeleka msikitini.

Mwezi haukwisha, ikaja barua kutoka makao makuu. Kituo chetu cha Voi, mbali kule njia ya pwani, kinahitaji mpiga chapa mmoja, anayetaka ajitaje. Barua hiyo ilipita mikononi mwangu kama barua zote. Voi alikuwako shangazi yangu, mwanamke mkali, mwenye macho hata kisogoni. Nikasema, hili limetoka kwa Mungu. Nikaenda kwa afisa wa watumishi, nikamwambia, "Zuhura ni mchumba wangu. Amenituma niseme angependa kwenda Voi."

Hakunituma. Hakujua hata kwamba barua hiyo imekuja.

Afisa yule alikuwa mtu mpole, akaandika jina. Hakuna aliyemwita Zuhura kumwuliza. Siku zile mwanamume akisema kwa niaba ya mwanamke wake, ilitosha. Nikarudi mezani pangu nikiwa mwepesi, najiona nimemwokoa. Mwanangu, nilikuwa nimemfanyia mkuu kazi yake.

Siku ya Alhamisi Zuhura alikabidhiwa bahasha. Iliandikwa kwamba kama alivyoomba mwenyewe anahamishiwa Voi mwanzo wa mwezi, na kwamba kwa kuwa mkuu wake ametoa taarifa kuwa kazi inamlemea, hatathibitishwa. Ataanza mwaka wa majaribio upya huko aendako. Aliisoma mara mbili. Kisha akaweka kifuniko juu ya taipureta, akatoka nje.

Aliyenijia masjala ni Mama Akinyi. Huyu ndiye aliyetupikia chai ofisini, mama wa makamo wa Kaloleni, mwenye sauti ya kuita watoto kutoka mtaa wa pili. Siku hiyo aliishusha sauti, nami nikaogopa zaidi.

"Sheikh, ni wewe umesema huyu mtoto anataka Voi?"

"Nilitaka atoke pale, mama. Wewe hujui yanayotendeka nyuma ya ule mlango."

"Mimi sijui?" Alicheka bila furaha. "Wee kijana! Wiki hii nimeingia huko na chai mara nane. Huyo mzee hata chai hataki tena, tumbo imejaa. Naingia bila kubisha. Nasema nimekuja kuchukua kikombe. Nasema nimesahau sukari. Ananifokea, natoka na mlango nauacha wazi. Wewe unakaa hapa unaangalia saa. Umeingia mara ngapi?"

Nilikuwa na mafaili chungu nzima ya kumpelekea mkuu, na siku zote nilingoja Zuhura atoke kwanza, kwa kiburi, ili nisimwone humo. Ningeweza kuingia kila baada ya dakika tano, na serikali nzima isingeniuliza.

Ndipo akanieleza nililolivunja. Zuhura alikuwa ameandika barua ya malalamiko, siku kwa siku, nini kilisemwa na mkono ulifika wapi. Mama aliyewasimamia wapiga chapa na Mama Akinyi walikubali kutia sahihi kwamba wameona. Barua ilikuwa ipelekwe Ijumaa. "Sasa mkuu atasema nini?" aliniuliza Mama Akinyi. "Atasema msichana ameshindwa kazi, ameomba kutoroka, na sasa anamchafulia jina. Na karatasi ya kumsaidia aseme hivyo imetoka kwako."

Unajua nililohisi kwanza? Naona haya, lakini nilikuahidi kweli. Nilihisi wivu tena. Wivu juu ya Mama Akinyi! Kwamba Zuhura alimwendea mpika chai na kumweleza yote, nami mwenye posa sikuambiwa. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba mimi ndiye niliyeambiwa kwanza, pale Muthurwa.

Nilimfuata Zuhura uani. Nikamwambia nitakwenda kwa afisa nimtetee.

"Usiende kwa niaba yangu tena," alisema. "Hata siku moja. Nenda kwa niaba yako. Kaseme ulichofanya wewe, na ulichoona wewe. Yangu nitayasema mwenyewe."

Usidhani ulikuwa uamuzi mwepesi. Kumdanganya afisa wa serikali kungeweza kunifukuzisha, na mkuu hakuwa mtu wa kusahau. Ijumaa asubuhi nilimwomba Mungu anipe ulimi, nikaingia. Nikasema, "Bwana, Zuhura hakunituma. Nilisema uongo kwa wivu." Yule mtu mpole alivua miwani. Akanipa karatasi, akaniambia niandike. Nikaandika uongo wangu wote. Kisha nikaandika niliyoyaona: mlango unafungwa siku zipi, wenzake hawaitwi, anatoka macho mekundu. Mambo hayo hayo niliyoyatazama kwa chuki, nikayaandika bila kuongeza chumvi. Baadaye Zuhura akaingia na barua yake, akiwa na wale mama wawili.

Sitakudanganya kwamba haki ilishuka kama mvua. Mkuu hakushtakiwa. Alihamishwa kimyakimya, na nasikia huko alikopelekwa ofisi yake ilikuwa na zulia. Mimi nilipewa barua ya onyo. Lakini uhamisho wa Zuhura ulifutwa, mkuu mwingine akaandikiwa kuitazama kazi yake upya, na baada ya miezi sita akathibitishwa. Siku alipoipata barua hiyo, Mama Akinyi alipiga kigelegele ukumbini hadi watu wa ghorofa ya juu wakachungulia.

Wiki iliyofuata mjomba wa Zuhura alikuja kwetu na kuirudisha posa. Nilimwomba ruhusa nizungumze na Zuhura, wazee wakiwa wamekaa. Akaniambia kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza, "Nimekusamehe, Salim. Wallahi sina kinyongo. Lakini sitaweza kurudi nyumbani kila jioni nikiogopa maswali yako kuliko nilivyoogopa mlango wa mkuu."

Aliolewa na fundi wa reli, mtu wa maneno machache. Nilialikwa, nikaenda. Nikala pilau la mwingine. Nilimtazama bwana arusi akimsikiliza mkewe, ameinamisha kichwa, hakatizi, nikamwonea wivu kuliko nilivyowahi kumwonea mkuu. Mungu alinipa baadaye mke mwema, naye nilijifunza kumsikiliza. Alivuna shamba ambalo Zuhura alililima kwa machozi. Namshukuru Mola kwa hilo asubuhi na jioni.

Basi, mwanangu, hili ndilo ninalokuusia. Mwanamke akikujia, awe dada, mke, mchumba au mfanyakazi mwenzako, akakuambia ameguswa au ameambiwa neno la kumdhalilisha kazini, funga mdomo kwanza. Usimwulize alivaa nini, wala alicheka kwa nini. Muulize anataka lifanyike nini, kisha msaidie hilo, si lile linalotuliza moyo wako. Usiwe mwepesi kumwondoa yeye mahali pake. Katika ofisi nyingi nilizopitia hadi nikastaafu, niliona aliyekosewa ndiye anayefungishiwa mizigo, na mkosaji anabaki na kiti chake, na wote wanasema wametatua jambo. Hawakutatua kitu. Ukiwa karibu, ingia na faili lako. Uliloliona liandike siku ile ile, maana kumbukumbu ya hasira huongeza na ya woga hupunguza. Leo kuna sheria, na kuna mahali pa kupeleka malalamiko, mambo ambayo Zuhura hakuwa nayo. Lakini sheria haibishi mlango yenyewe.

Wewe binti, aibu si yako. Tafuta wawili watatu unaowaamini mapema, andika, wala usikubali mtu akusemee bila wewe kumtuma, hata akiwa anakupenda.

Nawe kijana utakayepewa ofisi yenye mlango na kalamu ya kuthibitisha watu, jua kwamba riziki ya mtu si yako ya kumuuzia. Acha mlango wazi. Na ukisikia moto tumboni ukauita dini, uchunguze kwanza usiku, peke yako, mbele ya Yule asiyedanganywa na majina.

Mungu akulinde wewe unayesoma, aizuie mikono yako na akuepushe na mikono ya wengine. Akupe kazi ya halali usiyoilipia kwa heshima yako, akupe sikio lililo pana kuliko ulimi wako, na akuondolee wivu usioujua jina lake. Wote waliowahi kunyamazishwa, awajaalie mtu wa kuwasikiliza. Amin.