Machimboni, Jina Nililolionea Haya

Siku niliyomnyang'anya mwenyekiti maikrofoni naikumbuka vizuri, Neema mwanangu, maana ulikuwa mgongoni mwangu na zilikuwa wiki mbili tu tangu utoke hospitalini. Ulikuwa mkutano wa wakaazi, Jumamosi asubuhi, kwenye hema mbele ya geti. Mwenyekiti, mwenye ploti tatu hapa na sauti ya kuhubiri, alikuwa anatangaza kwamba duka litakaloandika Machimboni kwenye bango lake litafungwa, na watu wa boda wakiita hilo jina stejini watafukuzwa.

"Sisi ni Hillview," akasema. "Watu wa heshima hawaishi shimoni."

Watu wakacheka. Mimi nikasimama.

"Na kilima kiko wapi, mwenyekiti?"

"Mama Neema, keti. Utaongea kwa mengineyo."

Sikungoja mengineyo. Nilienda mbele nikamnyang'anya maikrofoni, nikasema maneno ambayo sitayaandika hapa, kwa sababu siku moja utayasoma haya na utaniuliza maana yake. Yeye akafungua faili yake polepole, akainua karatasi.

"Kwenye fomu ya jina jipya, sahihi ya kwanza ya ngazi yenu ni ya nani?"

Ilikuwa yangu.

Hapo ndipo penye kisa, mwanangu. Ukikua watakwambia mama yako ni mkali. Ni kweli. Lakini siku ile nusu ya hasira nilikuwa najikasirikia mwenyewe.

Hapa tunapoishi, kati ya Tassia na Pipeline, palikuwa machimbo ya mawe. Mawe yakaisha, shimo likafukiwa, magorofa yakapanda, na jina likabaki. Nilihamia nikiwa na miaka ishirini na mbili. Nikiulizwa kazini naishi wapi, nilikuwa najibu "upande wa Embakasi" na kubadilisha mada. Msichana mmoja wa Umoja aliwahi kuniuliza kama kwetu bado tunaamshwa na nyundo. Alikuwa anatania tu. Nilikaa na huo utani mwaka mzima. Basi kamati ilipopitisha fomu ya kubadilisha jina mlango kwa mlango, sikuuliza swali. Nilisaini. Walipong'oa bango la Machimboni pale njia panda, nilipita hapo na kufurahi. Nikajizoeza, Hillview, Hillview, hadi ulimi ukakubali.

Aliyekataa kusaini ni Bi Zuhura, yule mama wa Mombasa anayeuza mahamri na viazi karai chini ya jengo letu. Alimwambia mtu wa fomu, "Wateja wangu wananijua Machimboni. Huyo Hillview simjui, hajawahi kuninunulia hata hamri moja."

Ikaja Jumanne ile. Saa nne asubuhi ulikakamaa mikononi mwangu, mwili moto, macho yamegeuka juu. Degedege. Nikapigia ambulensi. Mwanamume aliyepokea alikuwa mpole.

"Mko wapi, mama?"

Nikamjibu Hillview. Mtoto wangu anakakamaa na mdomo wangu bado unachagua jina zuri.

Dakika ishirini baadaye dereva akanipigia. Yuko getini Hillview, mlinzi anamwambia nyumba hiyo haipo. Alikuwa amefika Hillview nyingine, ng'ambo ya Umoja, yenye kilima kweli. Nikamwambia Machimboni, Machimboni. Akasema wakati wa kuja alipita njia panda zote za huku kwetu na hakuona bango la hivyo, na sasa barabara imejaa magari.

Bi Zuhura alinisikia nikilia ngazini. Alipanda na unga mikononi, akakufunga kwa leso yake, akasimamisha boda na tukapanda sote hadi hospitalini. Ulipumua. Sijui niseme vipi hiyo sehemu. Ulipumua, basi.

Daktari alisema homa ikipanda hivyo inaweza kukurudia, nisichelewe. Neno hilo, nisichelewe, naamka nalo kila siku. Nakugusa paji la uso hadi unanisukuma. Ukicheza kimya, naacha kufua nakuja kuangalia.

Kwenye benchi la hospitali Bi Zuhura aliniambia, "Mwanangu, nikwambie na usikasirike. Uliona haya ya nini? Ya mawe?"

"Sijui, Bi."

"Basi ukienda kuwasema wale wa kamati, na lako uliseme."

Ndiyo maana, pale hemani, mwenyekiti alipoinua karatasi, nilimjibu kwenye maikrofoni yake mwenyewe, "Ndiyo, nilisaini. Leo naiondoa." Akaniambia kama nina neno nimpelekee chifu. Nilipeleka Jumatatu.

Sikia basi, Neema. Mahali unapolala usipape jina la kuwafurahisha watu wasiolala hapo. Ukiulizwa kwenu, taja jina ambalo mtu mwenye haraka atalifuata akufikie. Na ukikosea, sema umekosea kabla mwingine hajakutolea karatasi. Mungu akupe mwili wenye nguvu na akupe majirani wanaopanda ngazi bila kuitwa. Akuache ukue, mimi niache kuhesabu pumzi zako.

Barua niliyomwachia chifu, ikagongwa muhuri nikiwa nimesimama pale, ni hii:

"Kwa Chifu. Kuhusu kuondolewa kwa jina la mtaa wetu. Mimi ni mkaazi wa Machimboni, jengo la nne kutoka barabarani, orofa ya tatu. Nalalamika kwamba kamati ya wakaazi iling'oa bango la mtaa njia panda na sasa inawatisha wenye maduka na watu wa boda wanaotaja jina hilo. Mtoto wangu alipata degedege na ambulensi haikutupata. Niliunga mkono jina jipya kwa sahihi yangu na nilikosea. Naomba bango lirudishwe mahali pake na vitisho vikome. Daktari amesema ugonjwa wa mtoto unaweza kurudi wakati wowote. Kwa hivyo naomba nisiambiwe nirudi mwezi ujao."