Tulivyowafagia Wazee Wetu

Siku hizi nasikia wageni wakielezwa kwamba upande wa Saadani, tangu dunia iumbwe, palikuwa na tembo, nyati na bahari tu. Watu tulidondoka juzi. Nami sibishi, maana ushahidi wa kubishia niliuteketeza kwa mikono yangu.

Nilikuwa mke wa mwaka mmoja, zama za Mwingereza, nikikaa na mama mkwe wangu katika kitongoji cha nyumba saba. Serikali ilikuwa imegundua kwamba wanyama wanahitaji nafasi, na nafasi yenyewe, bahati mbaya, ilikuwa chini ya mihogo yetu. Mama mkwe hakuililia mihogo. Mumewe alizikwa nyuma ya nyumba, ubavuni mwa baba yake na babu yake, na pembeni palibaki nafasi ya mtu mmoja. "Pale pangu," alikuwa akisema, kama mtu aliyewekewa kiti harusini.

Jumbe akatuletea habari njema. Mzungu mmoja, msomi wa mambo ya kale, angekuja kutazama kama petu pana dalili za watu wa zamani. Akiziona, mpaka wa wanyama utapinda, sisi tutabaki. Tulishangilia. Dalili tulikuwa nazo tele: vigae vya vyungu uwanja mzima, ambavyo hata bibi zetu hawakujua nani aliyevifinyanga, ushanga uliochomoza kila mvua iliponyesha, na rundo la makome matupu lililonizidi kimo, mabaki ya karamu za watu tusiowajua.

Lakini mgeni anakuja! Mama mkwe aliutazama uwanja, akashika kiuno.

"Mgeni mkubwa namna hii tumpokee jalalani?"

Nani angembishia? Tulifagia siku tatu. Vigae na ushanga tukavizoa kwa makapu, tukavimwaga mtoni. Makome ndiyo tuliyoyafanyia akili: tukayachoma, tukapata chokaa safi. Niliikoroga mwenyewe, nikayapaka makaburi yote, hata yale ya kale yaliyoota kuvu, mpaka yakang'ara. Mama mkwe akaniombea dua. Siku hiyo nilijiona mke kweli.

Mgeni akafika asubuhi pamoja na karani wake.

"Shikamoo, bibi," karani akaamkia.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, pametakata."

Palitakata, Mungu shahidi. Msomi alizunguka na kijembe chake, akakwangua hapa na pale, akapata mchanga. Penye rundo akapata majivu ya juzi. Akasimama mbele ya makaburi, akagusa moja, kidole kikatoka cheupe. Basi akaandika, akaandika, uso umemkunjuka.

"Anasemaje?" mama mkwe akauliza.

"Anasifu usafi, bibi. Anasema makaburi ni mapya, na kabla yenu hapa hajakaa mtu."

Mama mkwe akaanza kueleza habari za vigae, haraka haraka, huku karani akitafsiri. Msomi akauliza viko wapi. Sote tukageukia mto, ambao siku hiyo ulikuwa umefurika. Akacheka kidogo, kwa adabu, kama wachekavyo watu waliosoma. Nilitamani kumrushia ufagio, ila ningemchafulia suruali, na sisi tulikuwa watu nadhifu.

Tulihamishiwa Kiwangwa kwa lori, sisi na kuku. Mama mkwe hakumaliza mwaka. Alipozidiwa, alimtuma mume wangu kwa Bwana Nyama, yule ofisa wa wanyama, amwombee ruhusa akalale pale alipojiwekea. Mume wangu akarudi na jibu, lililotolewa kwa upole sana: pale si mahali pa watu.

Mama mkwe akanigeukia mimi, si mwanawe, akauliza, "Na mume wangu aliyelala kule, naye si mtu?"

Tulimzika Kiwangwa, na mpaka leo namwonea haya.