Masharubu ya Kinyozi

Mtaani walimwita Mama Sindano. Alikuwa fundi cherehani, na mumewe alinyoa watu saluni ya mtaa wa pili. Alasiri moja mteja wa saluni hiyo alimjia mbio: "Mama, mzee haeleweki!"

Alimkuta mumewe kwenye kiti cha kunyolea, amefunikwa taulo kifuani, mdomo umepinda, mkono mmoja unaning'inia kama si wake. Kinyozi mwenzake akajitetea. Asubuhi waliona masharubu yamekwenda upande, wakadhani kajinyoa vibaya, basi wakamkalisha wakayasawazisha. Ulimi ulipomwia mzito wakasema kachoka, wakamwacha alale.

Mama Sindano akapandwa na hasira. "Uso wa mtu unaporomoka, nyinyi mnashika mkasi? Macho yenu yanaona nywele tu?"

Hospitalini daktari alimweleza kwamba damu iliyoganda imeziba mshipa wa ubongo. Dawa ya kuiyeyusha ipo, ila hutolewa saa chache za mwanzo tu. Ukichelewa inaweza kumvujisha mgonjwa damu kichwani. Hata kuitoa damu hiyo kwa mrija kusingesaidia tena, sehemu ile ya ubongo ilikuwa imeshakufa.

"Mngemleta asubuhi, mama," alisema kwa upole.

Kesho yake kinyozi mwenzake akaja wodini na wembe na sabuni. "Shemeji, niruhusu nimnyoe kidogo, apendeze."

Mama Sindano akasimama mbele ya kitanda.

"Mtazame, shemeji. Masharubu uliyanyoosha vizuri sana. Haya, sasa mnyooshee na mdomo."