Nyasi za Mbele ya Kituo cha Wamaza

Bulaimu alichimba dhahabu Salamabila, mashariki mwa Kongo, kwa miaka kumi na minne, mpaka siku shimo lilipoporomoka na jiwe likamponda mguu wa kulia. Wenzake walimpakia kwenye pikipiki hadi kituo cha afya kimoja huko Wamaza. Kila aliyeuona ule mguu alisema ukatwe. Muuguzi, Mama Dieudonnée, alikataa. Kwa miezi mitatu akausafisha kila asubuhi, akimgombeza Bulaimu kila alipokata tamaa.

Alipoweza kutembea bila fimbo, Bulaimu alirudi pale na panga. Mbele ya kituo nyasi zilifika kiunoni, na mama wa mgonjwa mmoja alikuwa amekanyaga nyoka humo akienda kupika. Akafyeka kutwa nzima.

"Papa Bulaimu, nani amekutuma?" Dieudonnée akamuuliza.

"Hakuna mutu amenituma, mama. Ni huu muguu."

Wiki haikwisha, mvua ikanyesha, nyasi zikachipua upya, kali kama sindano. Bulaimu akajicheka. Mchimbaji mzima, amekwangua juu juu tu! Akaja na jembe, akafukua mpaka ilikoishia ile mizizi mirefu myeupe. Kisha akapiga magoti kwa shida, akapekua udongo kwa vidole kama anayetafuta punje za dhahabu, maana kipande kimoja kikibaki, kinaota.

Siku ya tatu, ndugu za wagonjwa waliokaa barazani waliona haya kumtazama tu. Wakashuka. Pascaline, aliyekuwa akimwuguza bintiye, akazoa mizizi kwa beseni, akaianika kwenye jua kali ife kabisa.

Shemeji yake Bulaimu alimletea kutoka Kabambare gunia la pasipalumu, yale majani mafupi yanayotambaa. Wakayapanda kwa vishina, hatua kwa hatua, wakamwagilia.

Baada ya miezi miwili uwanja ulikuwa kijani kitupu. Bulaimu alipita Ijumaa akitoka msikitini, akakuta wamama wamelaza watoto juu ya vitenge.

"Vua viatu, papa, ukanyage," Dieudonnée akamwambia.

Akavua. Akatanguliza ule mguu wa kulia.

"Nasikia baridi, mama. Mupaka kwa vidole! Aksanti sana."

Dieudonnée akageuka upande, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Wamama wakasogea wakampa nafasi, na sahani ya sombe, yale majani ya muhogo, ikamfikia kabla hajakaa vizuri.