Mwani Kwenye Tangi la Baba

Dobi aliingia sebuleni, akashtuka hadi beseni likamtoka mkononi. Tangi la samaki lilikuwa kijani tena! Juzi tu alikuwa amesugua kioo, akabadilisha maji na kuosha chujio la pampu, na sasa samaki walionekana kama vivuli ndani ya mchuzi wa mboga.

"Hapa pana mkono wa mtu," alisema.

"Labda ni jua," alijibu baba yake kutoka kitini.

Mwanamke huyu hakuwa mtu wa kushindwa na uchafu. Alifua mashuka ya hospitali tangu usichana wake, kwa hiyo utando ule wa kijani aliuona kama tusi. Mwanzoni alitaka kuumaliza kwa dawa ya madoa, muuza samaki aliyemuuzia tangi akapiga kelele: "Mama, utawaua! Huo ni mwani, si doa. Unashiba mwanga na mabaki ya chakula. Funga pazia, lisha kidogo, maji badilisha kidogo kidogo." Akatii. Pazia likafungwa, chakula kikawa chembe chache za asubuhi, hata konokono wa kulamba kioo akanunuliwa. Mwani ukazidi kunawiri.

Samaki walikuwa wa baba. Mzee alikuwa mwashi, mpaka kiharusi kilipomwangusha na kumwachia mguu usiotii. Mtaalamu wa mazoezi alisema mguu unaweza kurudi, ila mwenyewe amekata tamaa. Atafutiwe kitu cha kumchangamsha. Binti akahamia kwa baba, akaleta tangi, na kila jioni alimkanda mguu akimwambia maneno yale yale: "Jitahidi, baba. Ukipona tu, narudi kwa mume wangu." Alidhani anamtia moyo. Mzazi gani anapenda ndoa ya binti yake iharibike kwa ajili yake?

Ukweli aliukalia. Mume alikuwa ameshaoa mwingine, na nguo za binti zililetwa kazini kwake kwenye gunia, mbele ya wenzake wote. Baba alimpenda mkwewe. Habari hiyo ingemmaliza. Basi binti alijikaza kisabuni. "Mkweo anakusalimu," alisema kila akirudi, na mzee aliitikia kwa kichwa. Mguu haukusogea. Dobi alianza kuogopa kwamba baba yake hatasimama tena maisha yake yote.

Kuhusu mwani, alimshuku jirani aliyekuja adhuhuri kumwangalia mzee.

"Shoga, wewe ndiye unayewalisha samaki?"

"Mimi? Hata kuwatazama naogopa, macho hawafumbi!"

Kisha siku moja umeme ukakatika kazini, mashine zikasimama, madobi wakaambiwa waende zao. Alifika nyumbani asubuhi bado mbichi, akafungua mlango polepole asimwamshe mzee.

Kiti kilikuwa kitupu.

Ameanguka! Akatupa mkoba, akakimbilia ndani, akaganda. Pazia lilikuwa wazi, jua limejaa chumba kizima, na mbele ya tangi, kwa miguu yake miwili, bila fimbo, alisimama baba yake akimomonyoa mkate juu ya maji.

"Kuleni upesi," aliwanong'oneza samaki. "Yule mama atawaua kwa njaa."

Mzee akageuka, akamwona, mkate ukamponyoka. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kuhusu mficha uzima hawakutuachia neno, na pale sebuleni neno lilihitajika sana.

"Baba! Unasimama?"

"Nasimama."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Na mimi nakukanda kila jioni, nikienda kulala nalia!" Kama ni furaha au hasira, hata mwenyewe hakujua. "Nimekukosea nini, baba?"

Mzee alishika ukingo wa tangi, akatazama chini. "Wewe mwenyewe ulisema. Nikipona, unarudi kwa mumeo. Nyumba hii bila wewe, mwanangu... nikaona heri mguu ukae mgonjwa."

Dobi akakaa sakafuni na sare yake ya kazi. Kumbe maneno aliyompa kila jioni kama dawa ndiyo yaliyomfunga mzee kitini!

"Sina mume, baba," alisema. "Ameoa mwingine. Alinirudishia nguo kwenye gunia. Mimi sina pa kwenda."

Sasa ikawa zamu ya mzee kuduwaa. Alimtazama binti yake kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto mchanga.

"Kwenye gunia?" aliuliza.

"Kwenye gunia."

"Na vyombo vyako?"

"Viko kule. Kaa, baba, utaanguka."

Hakukaa. Aliachia tangi, akapiga hatua, akaburura mguu, akapiga nyingine, jasho likimtoka, hadi akashika fremu ya mlango. Binti alimfuata mikono mbele, asithubutu kumgusa.

"Niletee viatu vyangu," mzee alisema.

"Viatu? Unakwenda wapi?"

"Kuchukua vyombo vyako. Au ulidhani nitamwachia?"