Gilasi ya Talha

Hanan alikuwa edani alipopata ujumbe wa kuitwa mtihani wa ukarani. Aliusoma, akailaza simu kifudifudi mkekani, akaendelea kuchambua mchele.

Mtihani huo alijitayarishia na mumewe, Talha, Mwenyezi Mungu amrehemu. Talha alikuwa karani wa mizigo kule bandarini Kipevu, na Kiingereza alikijua. Jioni, nyumbani kwao Shika Adabu, alimsomea mkewe sentensi za mazoezi za Kiingereza. Akifika penye pengo, hugonga gilasi kwa kijiko na kunyamaza, Hanan ataje neno linalofaa, kisha ndipo atoe jibu. Zamu za usiku zilipombana, alizirekodi sentensi hizo kwenye simu ya mkewe, gilasi na yote, ili Hanan ajifunze huku akipika. Halafu siku moja moyo ukamsimama kazini, wakamleta amefunikwa shuka.

Mamake Talha, Bi Zubeda, ndiye aliyetuma mtu kwa ustadhi kuuliza. Jibu likaja kwamba mwenye eda anaweza kutoka mchana kwa haja yake, mradi arudi kulala kwake. Hata hivyo majirani walinong'ona: maiti hata hajapoa, mjane ana haraka ya ofisi. Hanan akasema haendi.

"Hanan."

"Abee, mama."

"Mwanangu koo lilimkauka kwa ajili ya mtihani huu. Usimwache akasema na ukuta."

Akaenda, bila wanja wala manukato. Simu haziruhusiwi ndani, kwa hiyo yake akamwachia mkwewe. Mbele ya karatasi, kila alipofika penye pengo alisita, akingoja kijiko. Ukumbi ulikuwa kimya. Akajaza hivyo hivyo, akijifuta macho kwa ncha ya mtandio, mpaka mwisho.

Aliporudi, magharibi haijaadhiniwa, alimkuta Bi Zubeda ameketi pale pale, simu kaikumbatia kifuani. Kiingereza hajui hata salamu. Lakini alikuwa ameshinda akiisikiliza sauti ya mwanawe, na kila gilasi ilipogongwa sauti ikanyamaza, aliitika, "Ee, baba."

"Umejibu yote?" akauliza.

"Yote, mama. Alhamdulillahi."

Bi Zubeda akamnyooshea simu. Ilikuwa imezima.

"Itie chaji, mwanangu," akasema. "Aligonga mara ya mwisho, ikazima sijamwitika."