Mtambo wa Kupashia Maji ya Birika

Nilipoolewa, nikatolewa kwetu Jang'ombe, upande wa Ng'ambo, nikaletwa kwenye nyumba ya mawe mjini, vitu viwili vilinitia hofu: mama mkwe na pipa la shaba. Pipa lilikaa uani juu ya meko yake, karibu na birika la kuogea. Baba mkwe alilinunua kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, kwa ajili ya magoti ya mkewe. Kipupwe kikiingia, magoti yale yaligoma. Bila ya kukaa kwenye maji ya moto, mama mkwe alisali juu ya kiti, na hilo lilimkera kuliko maumivu yenyewe.

Lakini kipupwe hakidumu. Miezi iliyobaki pipa halikuwa na kazi, na hapo ndipo lilipotusumbua zaidi. Baba mkwe alilimwaga maji, akalikausha kwa kitambaa, akaacha bomba lake wazi, akalifunika. Mimi nilipewa kulisugua nje kwa ndimu na majivu, kisha kulipaka mafuta ya nazi lisiote kutu ya kijani. Mwenyewe sijapata kupakwa mafuta kwa uangalifu ule. Kifuniko ilikuwa marufuku kukigusa.

Mama mkwe hakuridhika. Kwake yeye, chombo cha maji lazima kifukizwe ubani, kama tunavyofukiza mitungi.

"Maji yatanuka shaba," alisema.

"Ule mtambo, si mtungi," alijibu mumewe, akaenda zake msikitini. Kila Ijumaa walirudia maneno hayo hayo.

Mara chetezo cha mama mkwe, anachofukizia ubani, kikapotea. Kilitafutwa uvunguni, darini, mpaka kwenye banda la kuku. Mwisho akaniangalia mimi.

"Siku hizi vyetezo vina miguu," akasema. "Vinavuka Darajani, vinakwenda Ng'ambo."

Mama yangu hajapata kuchukua hata kijiti cha mtu. Nililia jikoni, nikasingizia vitunguu. Tangu siku ile, kila nikienda kwetu nilikung'uta kanga yangu mbele ya mama mkwe, aone sikuficha kitu, ndipo nikatoka.

Kipupwe kikarudi. Baba mkwe akafunua pipa, akaingiza mkono, akatoa chetezo kilichojaa majivu ya ubani.

"Nani kafukiza mtambo wangu?"

Wifi zangu wote wakanitazama. Mama mkwe, kwenye kiti chake cha kusalia, akakohoa.

"Mimi. Ijumaa moja ulirudi mapema msikitini, nikafunika haraka. Nikasahau."

Baba mkwe alicheka mpaka akakaa ukingoni mwa birika. Mkewe hakucheka. Maji yalipopata moto aliingia birikani, akayaloweka magoti yake.

Hakuniomba radhi; mama wakwe wa zama zile hawakuwa na desturi hiyo. Ijumaa iliyofuata alisali chini, akainuka mwenyewe, akaniita.

"Naam, mama."

Alikuwa amekiosha chetezo, amekijaza ubani na udi.

"Mpelekee mamako," akasema. "Na usikifunike kanga. Kivushe Darajani mchana, watu wakuone."